Tangi la samaki la zege: boksi limesimama, kioo kimeshakaa

Haya, tuendelee. Fomu (zile mbao za kushikilia zege bichi) zimetoka, epoksi (rangi ngumu ya kuzuia maji) imekauka, kioo kiko mahali pake, maji ndo bado.

Kwa waliochelewa, vipimo vya ndani ni mita 2.4 kwa 1.2, kina cha maji mita 1, yaani lita 2,880, na kuta pamoja na sakafu ni unene wa sentimita 15. Maji peke yake karibu tani 2.9, zege nalo tani 4 na kidogo, jumla kama tani 7 kwenye mita 4 tu za mraba. Kuna mtu kaniuliza kama anaweza kuliweka ghorofani, jamani hapana, sakafu ya nyumba ya kawaida inapigiwa hesabu ya kama kilo 200 kwa kila mita ya mraba na hili linadai zaidi ya mara nane ya hapo. Langu liko chini, juu ya msingi wake lenyewe.

Nondo ni milimita 10, tabaka mbili, kila sentimita 15 kwenda na kupanda, na zimefunikwa na zege sentimita 4 kila upande. Kwenye kona nondo zimekunjwa zikaingia ukuta wa pili maana maji yanasukuma kuta zifunguke, na pembe za dirisha la kioo nimeongeza vipande vya mshazari kwa sababu nyufa hupenda kuanzia hapo hapo. Mabomba ya kutolea maji yalifungwa kabla ya kumwaga. Kutoboa ukuta baadaye ni kujitafutia kuvuja tu.

Siku ya kumwaga kuta ilikuwa kelele. Fundi anataka zege liwe jepesi lishuke vizuri kati ya nondo, mimi nimekaa juu ya pipa la maji kama mlinzi. Mfuko wa kilo 50 unapewa lita 22 na nusu basi, tena humo unahesabu na unyevu wa mchanga, ukizidisha yale maji ya ziada yanakauka na kuacha vijitundu ndani na hivyo ndo njia ya maji ya baadaye. Kushuka kwa zege ni kazi ya vaibreta, ile mashine ya kulitetemesha. Tulibishana weee mpaka akakubali, na fomu zilipotoka ukuta ulikuwa msafi, hakuna kokoto iliyochungulia. Maungio ya sakafu na ukuta yana mkanda wa kuzuia maji katikati, nikayapima kwa maji ya sentimita 12, hata jasho hakuna.

Ila yale maji nikayapima pH, yaani kiwango cha asidi au alkali, kipimo kikagota rangi ya mwisho kabisa upande wa alkali! Zege bichi linatoa chokaa, samaki hapo haishi. Ndo maana nikalinyeshea, nikaliacha siku 28 zikatimia, nikaosha na siki, nikapiga epoksi ya matangi ya maji ya kunywa mikono miwili. Na samaki nimewachagua kwa kuangalia zege pia: sikilidi wa Ziwa Tanganyika, kule pH ni kati ya 8.5 na 9, kwa hiyo hata chokaa kidogo ikipenya hawatashtuka. Maji ya bahari sikuyataka kabisa, chumvi ikifika kwenye nondo kutu inavimba na kupasua zege kutokea ndani.

Sasa kioo, na kiukweli zege ni rahisi, kioo ndo mradi wenyewe. Dirisha ni mita 1.8 kwa sentimita 75, maji yakijaa yatalisukuma kwa nguvu ya kama kilo 640. Kwa hiyo kioo kinakaa upande wa ndani, kipana kuliko tundu kwa sentimita 5 kila upande, maji yanakikandamiza kwenye zege badala ya kukibandua. Ni vioo viwili vya milimita 15 vilivyogandishwa pamoja (usidhani vinatoa nguvu ya 30, vinatoa kama 21), uzito kilo 120 hivi, tulikishusha kwa mikanda kupitia juu huku kila mtu kakata pumzi. Kati ya kioo na zege kuna vipande vya mpira vya milimita 6, bila hivyo kioo kinaikamua silikoni (gundi ya kuzibia) yote nje na unabaki na utando. Silikoni ni ile isiyonuka siki, ya siki haielewani na saruji.

Kinachonichelewesha ni hiyo hiyo silikoni. Inakauka kutoka nje kwenda ndani, milimita 2 au 3 kwa siku mwanzoni halafu inazidi kuwa mvivu, na mimi nina upana wa sentimita 5, hivyo ni wiki kadhaa za kukitazama tu kioo. Nimebakiza kipande cha majaribio pembeni, unene na upana ule ule, nitakikata katikati nione kama ndani bado kunanata. Kikiwa kikavu najaza sentimita 25 kwanza, na ndoo ya maji pembeni nijue yanayopungua ni mvuke au ni uvujaji, halafu napanda taratibu.