Kura Saba kwa Nne

Mbunifu wetu alizungumza kwa dakika ishirini usiku ule, na mimi sikumsikiliza hata tano. Nilikuwa naandika hoja zangu.

Ilikuwa mwaka 2014. Tulikuwa watu kumi na mmoja wa kujitolea, tumetawanyika katika nchi sita, tukitunza programu huria ndogo ya kupanga picha kwenye kompyuta za Linux. Jina lake silitaji, kwa sababu wenzangu wa siku zile hawakuniomba niwasimulie. Mimi nilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuandika msimbo wa sehemu inayofungua na kuhifadhi faili. Ya pili ilikuwa kutafsiri maandishi yote ya programu kwa Kiswahili. Ile ya kwanza ndiyo iliyonipa sauti mkutanoni. Hii ya pili niliifanya peke yangu usiku wa manane, na wala sikumbuki mtu akiniuliza habari zake.

Mkutano ulikuwa wa sauti tu, bila picha. Ajenda ilikuwa moja: kubadilisha kiolesura, yaani sura ya programu kwenye skrini.

Dirisha la programu yetu lilikuwa na ghorofa tatu kwa juu. Kwanza upau wa kichwa wenye jina la faili. Chini yake upau wa menyu: Faili, Hariri, Mwonekano, Zana, Msaada. Chini yake tena upauzana wenye vitufe kumi na vinne, kila kitufe na ikoni yake na neno lake. Mbunifu alikuwa amezipima ghorofa hizo kwenye skrini ya pikseli 1366 kwa 768, iliyokuwa ya kawaida mno kwenye kompyuta mpakato za wakati ule, akakuta zinakula pikseli 112 za urefu kabla picha yenyewe haijaanza. Ni kama sehemu moja ya saba ya skrini. Na hiyo ni programu ambayo kazi yake ni kuonyesha picha.

Alitaka ghorofa tatu ziwe moja. GTK, maktaba tuliyoijengea programu yetu, ilikuwa imeleta upau wa kichwa unaoweza kubeba vitufe katika toleo la 3.10, Septemba 2013. Machi 2014 likaja toleo la 3.12 na vidirisha vidogo vinavyochomoza chini ya kitufe ukikibofya. Yeye alivitumia vyote viwili. Vitufe vitano vya kila siku vingebaki juu, na mengine yote yangeingia kwenye kidirisha cha kuchomoza, nyuma ya ile alama ya mistari mitatu ambayo Norm Cox aliichora kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star, iliyotoka mwaka 1981. Mbunifu wetu alikuwa amefanya kazi hiyo kwa miezi minane. Michoro yake ilikuwa kurasa kumi na mbili.

Msomaji wa leo huenda akashangaa jinsi jambo hili lilivyotupandisha hasira. Lakini miaka ile tulikuwa watu waliokwishajeruhiwa. Aprili 2011 GNOME 3, mazingira ya madirisha na menyu ambamo mtu hufanyia kazi kwenye Linux, ilitoka, na watu waliozoea GNOME 2 kwa karibu miaka tisa wakaamka wakakuta orodha ya madirisha chini ya skrini haipo, na kitufe cha kupunguza dirisha hakipo. Linus Torvalds mwenyewe, aliyeanzisha Linux, alihamia Xfce, mazingira mengine ya aina hiyo, mwaka huohuo. Wengine walichukua msimbo wa zamani wakauendeleza kwa jina la MATE. Mwaka uliofuata, Mei 2012, programu ya kuhariri picha ya GIMP, toleo la 2.8, ikatenganisha kuhifadhi na kusafirisha: ukibonyeza Ctrl+S unapata faili la XCF tu, umbo la GIMP yenyewe, na ukitaka JPEG lazima upitie amri nyingine. Nilikuwa nimebonyeza Ctrl+S kwa miaka mingi bila kufikiri. Kwa wiki kadhaa kidole changu kilikuwa kinatangulia, kisha nasimama mbele ya kidirisha kinachonieleza kwamba hivyo sivyo. Waliofanya badiliko lile walikuwa na sababu ya maana, kwamba mtu asipoteze tabaka za picha yake kwa kuihifadhi katika umbo lisiloweza kuzibeba. Niliielewa sababu. Mkono wangu haukuielewa, na mkono ndio uliokuwa ukifanya kazi.

Kwa hiyo niliingia mkutanoni nikiwa nautetea mkono.

Alipomaliza, niliomba nafasi. Nilisema menyu ni mwalimu. Mtu anayefungua menyu ya Zana kutafuta jambo moja anapita juu ya mambo mengine kumi, na pembeni ya kila jambo anaona njia ya mkato ya kibodi. Baada ya mwezi ameijua programu bila kusoma mwongozo. Ukiyaficha yote nyuma ya mistari mitatu, unamfungia mlango mtu mgeni ambaye hajui hata kama kuna mlango. Hoja hii naiamini hadi leo.

Nilisema pia kwamba upau mpya ungekuwa mgeni nje ya GNOME. Kwenye Xfce au KDE, ambayo nayo ni mazingira ya Linux, mpaka wa dirisha huchorwa na mazingira yenyewe, kwa hiyo madirisha yote yanafanana. Dirisha letu lingejichorea mpaka wake na kukaa katikati ya mengine kama mtu aliyevaa sare ya shule nyingine. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Kisha nikataja watu wanaotumia kisoma-skrini, programu inayowasomea wasioona maandishi ya skrini, kwamba wangepotea. Hapa sikuwa na haki ya kusema. Sikuwa nimemuuliza hata mtu mmoja anayekitumia. Niliwachukua watu nisiowajua nikawafanya ngao, na ngao hiyo ilifanya kazi, kwa sababu baada ya hapo mkutano ulinyamaza.

Mbunifu akajibu taratibu. Alisema kidirisha cha kuchomoza kitakuwa na maneno, hakitakuwa na ikoni tupu, na njia za mkato zitaonekana humo kama zinavyoonekana kwenye menyu. Alisema angekubali kuuacha upau wa menyu uwe chaguo kwenye mipangilio. Halafu akaniuliza mimi moja kwa moja: "Umeuona ukurasa wa tisa?"

Nikamjibu: "Nimeona ya kutosha."

Sikuwa nimeufungua. Nilikuwa nimeona kurasa tatu za kwanza, dirisha la kabla na dirisha la baada, nikadhani nimeelewa.

Mtu mmoja akapendekeza tuahirishe tutengeneze jaribio, tawi la pembeni ambalo watumiaji wachache wangelijaribu kwa mwezi. Lilikuwa wazo zuri kuliko yote yaliyosemwa usiku ule, na mimi ndiye niliyelizima. Nilikumbusha yaliyotokea mwaka 2010, Ubuntu 10.04, mfumo wa Linux unaosimamiwa na kampuni, ilipohamishia vitufe vya dirisha upande wa kushoto. Watu walilalamika kwa wingi, na mwanzilishi wake, Mark Shuttleworth, akajibu kwamba hapo si mahali pa demokrasia na kwamba maamuzi ya usanifu hayapigiwi kura. Jibu lile lilikuwa limenichoma kwa miaka minne. Nikasema sisi si kampuni, hakuna mwenye mradi huu peke yake, basi na tupige kura sasa hivi.

Saba kwa nne. Upande wangu ndio uliokuwa na saba.

Nilizima kompyuta nikiwa na furaha. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilihisi nimewatetea watu wasiokuwa na mtu wa kuwasemea, na nililala usingizi mzuri.

Mbunifu hakugombana na mtu. Wiki iliyofuata alimaliza ikoni mbili alizokuwa ameahidi, akazipakia, akaandika kwamba anapumzika kidogo. Hakurudi. Tulikuwa na waandishi wa msimbo sita na mbunifu mmoja. Tukabaki na waandishi sita. Katika miradi ya kujitolea hakuna mshahara wa kumrudisha mtu. Kinachomleta ni imani kwamba kazi yake itatazamwa, na hiyo ikikatika hakuna kingine cha kumshika.

Miezi minne baadaye tulikuwa tunajiandaa kutoa toleo jipya, nami nikapewa kazi ya kupunguza uzito wa hifadhi ya mradi: kufuta matawi yaliyokufa na mafaili ya zamani. Nikafika kwenye kabrasha la michoro yake. Sheria niliyojiwekea ni kutofuta kitu bila kukifungua, kwa hiyo nikaanza kufungua kurasa moja moja kwenye Inkscape, programu ya michoro. Nne, tano, sita. Ya saba ilihusu skrini ndogo. Ya nane ilionyesha mpangilio wa lugha zinazosomwa kutoka kulia, Kiarabu na Kiebrania, kila kitufe kimegeuzwa mahali pake.

Ya tisa ilikuwa ya Kiswahili.

Dirisha zima. Fungua, Hifadhi, Chagua zote, Rudisha mipangilio ya mwanzo. Sikuwahi kuona mchoro wa programu yoyote uliotengenezwa kwa lugha yangu. Wabunifu huchora kwa Kiingereza, kisha sisi wafasiri tunapewa nafasi iliyobaki. Neno la Kiingereza lenye herufi nne nalilipia kwa herufi kumi, na kitufe hakiongezeki. Kwenye upauzana wetu tulikuwa tumeweka kikomo cha upana, na karibu nusu ya maneno yangu yalikuwa yakikatwa katikati na kumaliziwa na nukta tatu. Nililalamika mara moja, mwaka 2012. Nikaambiwa Kijerumani nacho kina shida hiyo, jambo likaishia hapo, hata mimi nikaliacha. Wakati wa kuandika msimbo nilikuwa natumia programu kwa Kiingereza, kwa hiyo sikuwa naliona.

Yeye alikuwa ameliona. Alikuwa amelichukua faili langu la tafsiri, lugha asiyoijua hata salamu, akachagua maneno marefu kuliko yote na kuyapanga kwenye kidirisha cha kuchomoza mstari kwa mstari. Yote yalienea. Pembeni, kwa rangi nyekundu, aliandika hivi: "Kwenye upauzana wa sasa maneno haya yanakatika. Hapa yanatosha. Nimeyanakili kama yalivyo. Mfasiri aniambie kama yako sawa."

Upauzana nilioutetea kwa nguvu zangu zote ulikuwa ndio unaokata maneno yangu.

Nilikaa mbele ya ukurasa ule muda mrefu. Kisha nikaanza kuyasoma maneno kama alivyoomba, moja baada ya jingine, na kwenye mstari wa sita nikasimama. Ulisomeka: "Zungusha kinyume cha mwedno wa saa."

Mwedno. Nilifungua faili la tafsiri, nikidhani yeye ndiye aliyekosea wakati wa kunakili. Kosa lilikuwa langu, la tangu mwaka 2011. Maandishi ya upauzana yalikuwa na mistari yake humo, mbali na yale ya menyu, na kwenye skrini kitufe kile kilionyesha "Zungusha kiny…" basi. Kwa miaka mitatu hakuna mtu aliyeweza kufika kwenye neno lililoharibika, kwa sababu lilikuwa limekatwa kabla ya kufikiwa. Mchoro wake ndio wa kwanza kulionyesha lote.

Nilirekebisha faili la tafsiri jioni ileile. Kabrasha la michoro sikulifuta. Kwenye mkutano uliofuata nilisema kwamba sikuwa nimeisoma michoro nilipoitisha kura, na kwamba hoja yangu kuhusu visoma-skrini sikuwa nimeichunguza. Wawili watatu walisema asante, wengine wakaendelea na ajenda. Hatukupiga kura tena. Tulikubaliana tu kuondoa kikomo cha upana, jambo ambalo lilifanya upauzana ufurike kwenye skrini ndogo, na hapo kila mtu akaona alichokuwa anatuambia mbunifu.

Kumwandikia yeye kulinichukua siku nyingi zaidi. Niliandika barua pepe ndefu nikaifuta, nikaandika nyingine nikaifuta pia, kwa kuwa zote zilikuwa zikizungumza habari zangu. Mwishowe nikajibu swali aliloniuliza: "Ukurasa wa tisa nimeusoma sasa, na ilinipasa niusome kabla ya kura. Samahani. Maneno yote yako sawa isipokuwa mstari wa sita. Ni mwendo, si mwedno. Kosa ni langu, si lako."

Wiki tatu zilipita bila jibu. Sikutarajia.

Asubuhi moja nikapokea taarifa ya kawaida kutoka kwenye hifadhi ya mradi kwamba kuna faili limebadilishwa. Lilikuwa ukurasa wa tisa. Hakuwa ameandika maelezo marefu, ila maneno mawili: "Mstari wa sita." Nikalifungua. Kidirisha kilikuwa palepale, rangi zilezile, na herufi mbili zimebadilishana nafasi.