Hedifoni za safari ya Kigoma hadi Tabora

Jamani, hatimaye nimepata hedifoni za kuzuia kelele, na jana nimezijaribu kwenye basi kutoka Kigoma hadi Tabora. Dereva alipowasha injini nikabonyeza kitufe, ule muungurumo ukazama. Nilishusha pumzi.

Zina maikrofoni ndogo zinazonasa kelele ya nje, kisha zinatoa wimbi lililo kinyume chake, mawimbi mawili yanafutana. Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya spika ya Bose, alianza kufikiria hedifoni zake za aina hii mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege. Muungurumo mzito usiobadilika, kama wa injini, ndio zinauweza hasa. Mtoto akilia kiti cha nyuma bado utamsikia.

Dukani pale Mwanga, mjini Kigoma, nilivaa kila moja dakika kumi nzima. Iliyobana masikio niliirudisha, ingawa mziki wake ulikuwa mtamu mno. Kwa joto letu hili, sikio likianza kuuma hufiki Uvinza hujazivua! Nikachukua yenye sponji laini, inayokunjika, na yenye tundu la waya ili chaji ikiisha niendelee kusikiliza.

Nikishuka tu nazivua. Bodaboda inakufikia hujaisikia, na hilo linanitisha kweli.