Siku yangu msituni, na sababu ya kutafuta cheti cha ngazi ya Fedha

Saa kumi na moja alfajiri. Nimeswali, nimekunywa chai na mahamri, bodaboda imenisubiri nje. Naelekea Gede, kwenye lango la msitu wa Arabuko-Sokoke, kusini mwa Malindi. Mimi ni mwongoza wageni. Nina cheti cha Shaba cha chama cha waongoza safari wa kitaaluma wa Kenya, kilichoanzishwa 1996, na sasa nasomea ngazi inayofuata, Fedha. Juu ya hapo iko Dhahabu.

Saa kumi na mbili na nusu. Mgeni wa leo ni mama wa Uingereza ambaye kazi yake ni kusimamia kulungu wa kwao, wale wenye pembe za matawi. Njiani kanieleza. Mbwamwitu walishatoweka kule, kulungu wakizidi wanamaliza miche ya msitu, basi binadamu ndiye anayewapunguza kwa bunduki. Kwa cheti chao cha ngazi ya kwanza unapimwa kutambua wanyama, usalama na shabaha. Ngazi ya pili huipati darasani: lazima mtu aliyeidhinishwa akushuhudie ukiifanya kazi yenyewe porini. Hilo nimelipenda sana. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na sisi kazi yetu ni kuwalinda, si kuwapunguza, ila haja ya kupimwa mbele ya mnyama ni ileile.

Saa mbili kasoro. Kima wanakula juu ya mti, maganda na matunda yanadondoka. Nikamwashiria mama tusimame. Haukupita muda, paa nunga akatokea chini yao, kichwa chini, anaokota. Mwekundu-kahawia, madoadoa meupe miguuni, na mkanda mweupe uliovuka matakoni. Mama akanong'ona, "Huyu si funo?" Nikamwonyesha ule mkanda, funo hana. Zamani ningemjibu "ni paa tu" tukaendelea na safari. Paa huyu yuko pwani ya Kenya na Zanzibar peke yake duniani, na kule Lamu kamera za kutegesha ndizo zilizoonyesha kwamba wamo pia katika misitu ya Boni na Dodori. Ukimwandika vibaya kwenye daftari, umepotosha hesabu ya mnyama aliye hatarini.

Saa nne. Tumekuta mtego wa waya kwenye kijia, kitanzi kiko chini chini, kimo cha shingo ya paa. Nimepiga picha, nimechukua alama ya mahali kwenye simu, ndipo nikawapigia askari wa wanyamapori. Mtego ukiuong'oa kimyakimya, hakuna atakayejua upande upi wa msitu unashambuliwa.

Saa saba mchana. Wali wa nazi na samaki hapo Gede. Mzee mmoja, ambaye ndiye aliyenifundisha nyayo nikiwa mdogo, akaniuliza, "Mwanangu, msitu umezaliwa nao, cheti cha nini tena?" Nikamwambia, mzee wangu, ujuzi wako ndio ninaokwenda nao kwenye mtihani. Lakini wewe ukisema umeona paa nunga, mkutanoni wanakuitikia kwa heshima, kisha ripoti inaandikwa na mtu wa Nairobi. Mimi nataka iandikwe na mtoto wa hapa. Akacheka, akaniongezea samaki.

Ada si ndogo, nasema kweli. Kila bakshishi ninayopata natenga kidogo, na hoteli zinamlipa vizuri zaidi mwenye ngazi ya juu, kwa hiyo pesa hizo zitarudi.

Saa mbili usiku. Tunaulizana maswali kwa simu, mimi na wenzangu wa Watamu. Swali lililotukwamisha leo: mbona bundi mdogo wa Sokoke unampata kwenye sehemu za msitu zenye udongo mwekundu, huku kwenye miti ya miombo humsikii? Kila mmoja wetu amempeleka mgeni kumwona. Sababu yake hakuna aliyeitoa ikatosheleza, kwa hiyo kesho kabla ya wageni tutakutana langoni na vitabu.