Pikipiki ya Shafti Kijiweni Ngamiani: Nilivyofungua Gurudumu Bila Nyundo

Mimi ni fundi pikipiki hapa Ngamiani, Tanga. Mwaka wa kumi na mbili sasa mikono yangu inakula kwa Boxer na TVS: cheni, spoketi, klachi, plagi moja, basi. Ndiyo maana siku mzee mmoja wa Raskazone, baharia mstaafu, alipoingia kijiweni na Yamaha FJR1300 ya mwaka 2008, vijana wote waliweka spana chini wakaja kuizunguka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Tairi la nyuma limekwisha. Nataka ulibadilishe, na uiangalie yote. Nampeleka mama yenu Lushoto."

Nilitamani kumwambia apeleke Dar. Nikatazama lile tairi, limelika katikati hadi likawa bapa, nikafikiria kona za kutoka Mombo kupanda Lushoto, kilomita kama 33 za kujikunja na mama amekaa nyuma. Nikamwambia aniachie wiki moja. Sharti langu lilikuwa moja: kitabu cha mafundi cha pikipiki hiyo kije pamoja na funguo. Alikuwa nacho kwenye simu, akanirushia.

Usiku wa kwanza sikugusa chuma. Nilisoma. Pikipiki za namna hii zinaitwa spoti-turing, na nilitaka kwanza nielewe aliyeichora alikuwa anamfikiria nani. Injini ni cc 1,298, silinda nne zimekaa safu moja kukingama fremu, nguvu za farasi 140 na ushee. Boxer 150 inatoa kama 12. Lakini kilichonishika haikuwa nguvu. Ndani ya injini kuna shafti mbili ambazo hazisukumi chochote, kazi yake ni kuzunguka tu ili zifute mtikisiko usifike kwenye mikono ya dereva. Tanki lita 25. Kioo cha mbele kinapanda na kushuka kwa swichi, upepo ukizidi unakiinua unapita juu ya kofia. Ukiwa na mafuta yote ndani, mzigo ni takriban kilo 290. Kila kitu pale kimewekwa kwa ajili ya mtu anayekaa juu ya kiti kutwa nzima na kesho yake anaendelea. Nilipoliona hilo, mashine ikaacha kunitisha.

Na haina cheni. Hapo ndipo nilipoipenda kabisa. Sisi wa pwani tunajua cheni inavyoteseka: upepo una chumvi, barabara za mashamba zina vumbi, mvua ya masika inasukutua grisi yote. Kila wiki nakaza cheni na kubadilisha spoketi zilizochongoka kama meno ya papa. Hii badala ya cheni ina shafti, fimbo ya chuma inayopeleka nguvu ya injini nyuma gurudumuni. Shafti inazunguka ndani ya bomba lake, na gia za mwisho zimefungiwa kwenye nyumba yake zikiogelea kwenye mafuta. Wazo si jipya, BMW R32 ya mwaka 1923 tayari ilikuwa na shafti. Tofauti ni kwamba ile BMW kranki yake, mhimili unaozungushwa na pistoni, imelala kuelekea nyuma, hivyo mwendo unageuzwa mara moja tu, pale gurudumuni. Hii kranki yake imekingama, kwa hiyo mwendo unapinda digrii 90 kwenye gia boksi, unashuka na shafti, kisha unapinda tena digrii 90 kuingia gurudumuni. Kila kona hiyo inakula nguvu kidogo na kuongeza uzito, ndiyo maana pikipiki za mashindano zinang'ang'ania cheni. Kwa mwenda mbali, mimi naona ni biashara nzuri.

Asubuhi nikaiweka juu ya stendi ya katikati, nikavua masanduku ya pembeni, nikafungua kalipa ya nyuma, kile kishikio cha breki kinachobana diski, na kuitundika kwa waya ili mpira wake wa breki usibebe uzito. Kijana wangu nilimkataza kugusa pedali ya breki. Ekseli ikatoka vizuri. Gurudumu likakataa.

Lilipaswa kuvutwa kando litoke kwenye meno, maana gurudumu na gia za mwisho vinashikana kwa meno yaliyochongwa kwenye bomba, moja linaingia ndani ya lingine. Nikavuta, halikusogea hata unywele. Kijana akaleta nyundo na kipande cha mbao. Nilikiangalia kile kipande kwa muda mrefu. Kwa Boxer ningegonga. Hapa, ukigonga kwa upande mmoja gurudumu linapinda ndani ya meno, na nguvu ya nyundo inaingia kwenye beringi za gia. Tena pembeni pale kuna sensa inayohesabu mzunguko wa gurudumu kwa ajili ya ABS, breki zisizofunga gurudumu. Nikairudisha nyundo sandukuni.

Nikapuliza mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka kiungio, nikafunga, nikaenda nyumbani. Kesho yake nikapuliza tena. Jioni tukakaa wawili, mmoja huku mmoja kule, tukalivuta sawasawa kwa mikono, tukilitikisa kidogo kidogo kama mtu anayeng'oa muhogo bila kuukata. Likatoka na mlio mkavu.

Ndani kulikuwa na unga mwekundu. Hakuna hata alama ya grisi. Gereji iliyofunga tairi la zamani ilirudisha meno makavu, na chuma kikavu kikisuguana na chuma kinajisaga hadi kinakuwa unga. Nikasafisha kwa brashi na mafuta ya taa, nikapitisha ukucha kwenye kila jino, moja moja. Ukucha ukikuta ukingo umekuwa mwembamba au kuna ngazi, jino limeliwa. Yalikuwa bado yana kona zake. Niliketi chini kwa furaha. Meno yale yakiisha, gurudumu linaachia barabarani, na injini inanguruma bure.

Tairi la 180/55 la inchi 17 Tanga sikulipata. Lilikuja kwa basi kutoka Dar, pamoja na kopo la grisi nyeusi yenye molibdeni, ile inayostahimili mgandamizo mkubwa. Kulifunga tulitumia maji ya sabuni na vipande vya jerikeni kulinda rimu ya alumini, tukafuata mshale wa mzunguko. Kulisawazisha nilipitisha ekseli katikati, nikaiegesha juu ya stendi mbili, nikaliacha gurudumu lizunguke lenyewe. Upande mzito unashuka chini, unabandika kipande cha risasi cha kuongeza uzito upande wa juu, unajaribu tena, mpaka linasimama popote unapoliachia. Upepo ni pauni 42 nyuma. Wazoefu wa bodaboda kijiweni walidhani nimekosea.

Mafuta ya gia za nyuma hayafiki hata robo lita: lita 0.2 tu, aina maalumu ya gia inayoitwa ya haipoidi. Yaliyotoka yalikuwa meusi lakini hayakuwa na vipande vya chuma. Breki nilizitoa mafuta ya zamani na kutia mapya ya DOT 4. Nako nilijifunza kitu: kwenye pikipiki hii ukikanyaga breki ya nyuma, sehemu ya kalipa ya mbele nayo inashika, kwa hiyo pedali moja inasukuma mafuta kwenda sehemu mbili, na usipotoa hewa kote pedali inabaki laini. Hapo nilipoteza nusu siku kabla sijarudi kwenye kitabu.

Mzee alipokuja nilimwomba anibebe nyuma hadi Muheza na kurudi. Tulipita Pongwe katikati ya malori ya saruji, akainua kioo, kelele ya upepo ikazimika kama mtu amefunga dirisha. Nilikuwa nasikiliza chini tu. Hakuna mlio. Tulipofika Muheza niliweka kiganja kwenye nyumba ya gia za nyuma: ina joto, mkono unavumilia. Hakuna tone.

Wakaenda Lushoto, wakalala siku tatu. Waliporudi walipita kijiweni kabla ya kufika kwao, mama akaniletea peasi kwenye kikapu. Nikapiga magoti kwanza, nikapitisha kidole chini ya sili inayozuia mafuta ya gia za nyuma. Kikavu.

Lile kopo la grisi nilimkabidhi mzee akaliweka kwenye sanduku la kushoto. Nilimwambia tairi hili likiisha, popote atakapolifunga, Dar au Mombasa, alitoe yeye mwenyewe ampe fundi, na asiondoke mpaka aone kwa macho meno yamepakwa.