Leo watoto wameambiwa

Jioni hii tumekaa mkekani, mimi, dada yangu na shemeji, tukawaambia watoto wao kwamba mama yao, yaani dada, ana saratani ya matiti.

Wiki tatu tulikuwa tunawaambia ni malaria. Ila kesho kutwa anaanza kemo, dawa kali za saratani, na nywele huanza kukatika kwenye wiki ya pili au ya tatu. Tungesema nini hapo?

Dada akalitaja jina lenyewe. Akaeleza dawa inapiga seli zinazokua haraka, na za nywele zimo, kwa hiyo zitadondoka, halafu zitaota.

Mkubwa, miaka 8, akauliza: "Utakufa?"
"Madaktari wananitibu. Kukiwa na jambo, nitakwambia mimi mwenyewe."

Mdogo, miaka 5, kimya. Kisha akanivuta kanga.
"Mama mdogo, ni kwa sababu nilimpiga na mpira kifuani?"

Kumbe tulivyokuwa tunanong'ona alikuwa anasikia. Amelibeba hilo peke yake.

Dada alimwambia mara tatu: mpira hauleti saratani. Na kukumbatiana hakuambukizi.

Sasa amelala, kashika pindo la kanga ya mama yake, hataki kuachia.

Mliopitia haya, wenu waliuliza nini? Mliwajibuje?