Jioni Moja Kabla ya Sabinyo

Njia ya kupanda Mlima Sabinyo kutoka upande wa Uganda hupita vilele vitatu, kimoja baada ya kingine. Cha tatu, karibu mita 3,670, ndipo Uganda, Rwanda na Kongo zinapokutana. Niliupanda na kuushuka siku moja, Julai 2017. Nikitaja safari ile watu huniuliza habari za kileleni, lakini mimi hukumbuka zaidi jioni ya kabla yake, nyumbani kwa shangazi yangu mjini Kisoro.

Kampala nilikuwa nimefanya mazoezi kwa bidii. Alfajiri nilipanda kilima cha Kololo nikiwa na mkoba uliojaa chupa za maji, nikashuka, nikapanda tena. Miguu ilikaza. Ila Kampala iko kwenye mita 1,200 hivi, na kule juu ya Sabinyo kila pumzi hukupa kama theluthi mbili tu ya oksijeni ambayo mtu wa pwani huivuta bila kufikiri. Ndiyo maana nilifika Kisoro siku kadhaa mapema, mwili uanze kuzoea.

Shangazi alizaliwa Jomba, upande wa Kongo, ng'ambo ya mlima huohuo. Vita vya 2012 vilimvusha mpaka wa Bunagana kwa miguu, akapitia kituo cha mapokezi cha Nyakabande pamoja na wakimbizi wengine, akabaki Kisoro. Kabla ya hapo alikuwa mchuuzi wa maharage, mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, vilima kutwa. Sabinyo yenyewe hajawahi kuipanda. Lakini kuhusu miguu ya mtu na safari ndefu, sijakutana na anayemzidi.

Jioni ile alitandika mkeka akaniambia nimwage mkoba wote. Alishika kitu kimoja kimoja. Suruali ya jinzi aliitoa: ikilowa haikauki, na baridi ya kule itakushika mapajani. Sweta la sufi alilibakiza. Koti la mvua alilikunjua, akakagua mishono, akaliweka juu kabisa ya vingine ili nisilazimike kulitafuta mvua ikinikuta. Maji, lita tatu, hakuyagusa.

"Hayo usipunguze hata kidogo. Na usingoje kiu."

Soksi za akiba alizifunga ndani ya kavera, yaani mfuko wa plastiki, tochi ndani ya kavera nyingine. Kisha akaniuliza kama nina glovu. Nilikuwa nazo, zile za bustani, kwa sababu nilishaambiwa kwamba sehemu za juu hupandwa kwa ngazi za miti, na miti ile huwa na utelezi. Akazivaa yeye mwenyewe, akakamata mguu wa meza kwa nguvu, akaridhika.

"Sasa nionyeshe kucha."

Nilidhani anataka mikono. Alitaka miguu. Akaleta wembe, akanikata kucha za vidole vyote kumi mpaka zikawa fupi sana, na wakati huo wote akinieleza kwa nini: kwenye mteremko mguu huteleza mbele ndani ya kiatu, kidole kinagonga, kucha inang'oka. Akanifunza kufunga kamba za buti mara mbili kwa siku, kwa kulegeza kidogo wakati wa kupanda, na kukaza kifundoni kabla ya kushuka.

"Kupanda kunakula pumzi, mwanangu. Kushuka kunakula magoti."

Akanipa fimbo yake mwenyewe.

Tulichemsha viazi na mayai usiku, tukakaanga karanga. Saa kumi na moja alfajiri bodaboda alikuwa mlangoni. Kwenye Ntebeko, lango la hifadhi ya Mgahinga, tulipangwa na askari wa hifadhi, wenye bunduki kwa ajili ya nyati na tembo, tukaingia kwenye mianzi. Kilele cha kwanza kilinitoa jasho, cha pili kilininyima maneno. Ngazi za kwenda cha tatu nilizipanda kama mtoto anayejifunza kutambaa, mkono, mguu, mkono. Saa sita ilikuwa imepita. Askari alituonyesha Rwanda, akatuonyesha Kongo. Upande wa Jomba ulikuwa mweupe mtupu kwa wingu.

Nilikula viazi viwili, nikakaza kamba za buti, nikaugeuzia mlima uso na kuanza kushuka ngazi kinyumenyume. Ile fimbo ilinibeba mpaka langoni.

Shangazi alikuwa ameandaa maji ya moto na chumvi. Alikagua vidole vyangu kwanza, kisha magoti, ndipo akauliza kama nimeona kwao. Nikamwambia kulikuwa na wingu.

"Mmechelewa kufika juu," alisema, akiwa tayari anafua soksi zangu. "Desemba ukija tena, utalala hukohuko Ntebeko, uwe wa kwanza langoni. Na hizi buti tutazipaka mafuta."