Shemeji, kabla hujanunua mtutu

Shemeji yangu yuko Texas, mimi niko Minnesota. Wiki mbili zilizopita alinipigia usiku nimetoka zamu, miguu imo kwenye beseni la maji ya moto, hata salamu hakumaliza.

"Shem, nimejaza vipuri vya bunduki mtandaoni hapa, jumla dola 640. Mtutu, triga, kitako na bolti. Nilipe?"

Kwa asiyejua: mtutu ni bomba inamopita risasi, triga ni kifyatulio, kitako ni mwili wa kushikia na kuegemeza begani, bolti ni chuma kinachofunga nyuma ya risasi. Nikamwuliza kwanza anapiga risasi gani. Akacheka. "Zile za kopo kubwa, za bei ya kutupa."

Tuliongea mpaka maji yakapoa. Haya ndiyo niliyomwambia, ila hapa nimeweka na namba, kwa sababu siku ile daftari lilikuwa kwenye gari.

Bunduki zetu ni ndugu: Ruger 10/22, ile ndogo ya .22 (yaani risasi yake ina upana wa kama inchi 0.22) iliyoanza kuuzwa mwaka 1964. Ni bunduki ya kumtia mtu majaribuni. Mtutu umeshikwa na kipande kimoja cha chuma na skrubu mbili. Triga nzima inachomoka ukisukuma pini mbili. Huhitaji fundi, unahitaji meza ya jikoni na mke aliyelala. Ndiyo maana wako watu hapa ambao bunduki yao imebadilishwa kila kitu, haijabaki hata skrubu ya kiwandani, na bado wanaiita kwa jina lile lile.

Mimi kulenga nilifundishwa JKT, na kule hakuna kuruta aliyewahi kuulizwa triga yake ina uzito gani. Afande alikuwa na neno moja tu: pumua. Kwa hiyo nilipoanza kusikia watu wanasifia vipuri, niliamua kubadilisha kitu kimoja kimoja na kuandika. Yadi 50, bunduki juu ya mifuko ya mchanga, makundi matano ya risasi tano tano kwa kila badiliko. Napima kwa kalipa, kifaa cha kupimia vitu vidogo, kutoka katikati ya tundu la mwisho upande mmoja hadi katikati ya lile la mwisho upande wa pili, kisha natafuta wastani. Kundi la risasi tatu silihesabu. Risasi tatu zinaweza kuangukia pamoja kwa bahati, ukapiga picha, ukatembea nayo mfukoni mwaka mzima kama picha ya harusi.

Mwanzo kabisa, bunduki kama ilivyotoka dukani na risasi za kopo: wastani inchi 2.1. Sikugusa kitu, nikabadilisha risasi tu, nikaweka CCI Standard Velocity, aina ya risasi za kasi ya wastani. Inchi 1.3.

Nilirudia Jumamosi iliyofuata maana sikuamini. Inchi 1.3 tena.

Hapa inabidi uelewe risasi ya .22 ilivyo. Haina kile kidonge cha katikati kinachogongwa na pini kama risasi kubwa. Dawa ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa ganda, kule chini kwenye pindo. Kiwandani ganda linazungushwa kwa kasi ili dawa isambae pembeni pote. Isiposambaa sawasawa, moto hauwaki sawasawa, na kasi ya risasi inapandashuka. Wenye bunduki kubwa wanaweza kujaza risasi wenyewe nyumbani na kupima baruti punje kwa punje. Sisi wa .22 ganda likishapigwa limekwisha, tunakula kilichopakuliwa.

Mzee mmoja wa pale uwanjani, ambaye huja na kiti chake na chupa ya kahawa, aliniazima mashine ya kupima kasi. Risasi za kopo, moja na nyingine zilitofautiana hadi futi 90 kwa sekunde. Tofauti ya futi 60 peke yake inatosha kuishusha risasi kama nusu inchi ikifika yadi 50. Mtutu uwe wa dhahabu, hiyo nusu inchi hauirudishi.

Na jambo lililonishangaza zaidi ni upepo. Ungedhani risasi yenye kasi haipeperushwi sana. Kwa .22 ni kinyume: zile za kasi zinaondoka juu ya mwendo wa sauti, zinapunguzwa kwa nguvu na hewa njiani, na upepo wa ubavuni unazisukuma kuliko zile za polepole zilizoanza chini ya mwendo wa sauti. Kwa upepo wa huku kwetu, hilo si la darasani.

Badiliko la pili halikunigharimu hata senti. Kulikuwa na risasi mtoro: nne zinakaa pamoja, ya tano inakimbilia kona. Nililaumu risasi, nikalaumu darubini, nikajilaumu mimi. Kumbe kila nikisafisha nilikuwa nafungua ile skrubu moja inayoshika kitako, halafu naikaza kwa kukisia, leo sana, kesho kidogo. Nilipotafuta bisibisi yenye kipimo na kuikaza sawa kila mara, pamoja na skrubu za mtutu na za pete za darubini, wastani ukawa 1.2. Mtoro akaacha kutoroka.

Triga. Hii nitaieleza polepole kwa sababu ndiyo watu wanagombania. Ya kwanza ilikuwa nzito, ya kukamua. Nikaweka BX, triga inayouzwa na kampuni ya Ruger wenyewe, laini mno, unaifikiria tu na inafyatuka. Nikakaa mezani, mifuko ya mchanga ile ile. Inchi 1.2. Nilihisi nimeibiwa mchana kweupe.

Kisha nikaenda kwenye sanamu za chuma. Mchezo huu asili yake ni Meksiko: unasimama wima, hakuna mfuko wa mchanga wala mkanda, unaangusha kuku wa chuma mita 40, nguruwe mita 60, bata mzinga 77, kondoo dume 100. Sanamu arobaini. Kwa triga ya zamani nilikuwa naangusha kumi na moja, siku njema kumi na mbili. Ukisimama bunduki inaogelea, na triga ya kukamua inakufanya usubiri, na ukisubiri shabaha imeshapita. Kwa triga mpya msimu ule nilifika kumi na saba. Lakini lazima niwe mkweli: msimu huo huo kila usiku nilikuwa navuta triga mara ishirini bila risasi, nimelenga swichi ya taa ya koridoni, risasi zote ziko chumba kingine. Bunduki nyingi za .22 huharibika ukifanya hivyo, hii imeruhusiwa na waliotengeneza. Kwa hiyo zile sita zilizoongezeka ngapi ni za triga na ngapi ni za swichi, gawanya mwenyewe.

Mtutu ndio ulioniletea maneno nyumbani. Nilinunua mnene, wenye chemba ya mashindano, yaani pale risasi inapokaa pamebana zaidi. Haukuingia kwenye kitako cha zamani, kwa sababu mfereji wake ni mwembamba. Nikaagiza kitako kingine, kikaja hakilingani na tundu la skrubu, nikarudisha, nikangoja. Dola 330 zikawa zimekwenda. Matokeo mezani: inchi 0.8. Ni kazi nzuri, siwezi kukataa. Halafu nikafanya kitu ambacho wauzaji hawakiweki kwenye matangazo, nikaulisha risasi za kopo. Inchi 1.7. Yaani mtutu wa bei mbaya na risasi mbovu ulishindwa na mtutu wa dukani na risasi ya maana. Zaidi ya hapo ile chemba ya kubana ikawa inakwama kila baada ya risasi kumi na tano hivi.

Na kwenye sanamu? Karibu kilo moja imeongezeka mbele ya mkono wa kushoto. Kufikia bata mzinga bega linatetemeka. Nikashuka hadi kumi na nne.

Niliurudisha mtutu wa zamani. Ule mnene umelala juu ya kabati ndani ya soksi ya mpira, na Mama Neema akipita na ufagio huuliza kama mgonjwa anaendeleaje.

Shemeji nilimwambia aahirishe vyote isipokuwa triga, akanunue maboksi matatu ya risasi za aina tofauti, na akibadilisha aina apige kama ishirini kwanza bila kuhesabu, mpaka nta iliyopakwa kwenye zile za zamani iishe ndani ya mtutu. Jumapili alinipigia akitoka kanisani.

"Shem, ya boksi la pili. Inchi moja na nukta moja."

"Na triga?"

Kimya kidogo. "Nimeagiza na mtutu."